Maswali ya Wasomaji: Dodoma Bila Gari, kwa Anayekuja Mara ya Kwanza

Tangu treni ya umeme (SGR) ianze kuleta abiria Dodoma Julai 2024, barua za watu wanaotaka kuja kutembea tu, bila gari na bila mwenyeji, zimekuwa nyingi. Toleo hili tumelitenga kwa ajili yao. Maswali tumeyafupisha, majibu hatukuyafupisha sana.

Mimi na mume wangu tunatoka Tanga. Tutakaa Dodoma siku nne mwezi Agosti. Gari hatuna, kukodi hatutaki, kutembea tumezoea. Je, mji unatembeleka kwa miguu? Tukae mtaa gani?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Unatembeleka, dada, ila kwa vipande. Hilo mkilielewa kabla ya kulipia chumba, mengine yote ni mepesi.

Mpango Mkuu wa mji huu, ulioandaliwa mwaka 1976 na kampuni ya Kanada, ulimweka mtembea kwa miguu na basi mbele ya gari binafsi. Makazi yalipangwa yajitegemee, kila mtaa mkubwa na shule yake, soko lake na zahanati yake, na katikati yao yakaachwa maeneo ya wazi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, ilitekeleza sehemu ya mpango huo. Mabasi yenye njia zake hayakuja, lakini nafasi za wazi zilibaki. Ndiyo maana ukiwa ndani ya Area C au Kikuyu unatembea raha mustarehe, na ukitaka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine unakutana na jua, vumbi na uwanda usio na hata kibanda cha maji.

Kipande kinachowafaa wageni ni katikati ya mji. Hapo mna stesheni ya reli ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani, Dodoma Hotel inayotazamana nayo, Nyerere Square, Kanisa Kuu la Anglikana, maduka ya Uhindini, Soko la Majengo, Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa 2010, hospitali ya mkoa ambayo kila mtu anaiita General, na uwanja wa mpira wa Jamhuri. Mitaa mingine ya katikati inaitwa kwa namba, Barabara ya Sita, ya Saba na kuendelea, kwa hiyo hata kuuliza njia ni rahisi. Vituo vingi kati ya hivyo vimeachana kwa mwendo wa dakika kumi hadi ishirini. Jengo la Bunge ni kama nusu saa kutoka Nyerere Square, na hiyo ni nusu saa ya asubuhi. Saa saba mchana itaonekana ndefu mno.

Kwa hiyo kaeni katikati, au Makole, au Kikuyu upande unaokaribia mji. Vyumba vya Kisasa, Ilazo, Njedengwa na Nkuhungu mara nyingi ni vipya na tulivu, na picha zake huvutia, lakini kila mkitaka kula au kununua maji ya kunywa mtapanda kitu. Area D ni nzuri, tatizo ni kwamba eneo lenyewe ni kubwa: mwenye nyumba akisema tu "tupo Area D", bado hajakwambia kitu.

Kabla ya kulipa, pigeni simu na kuuliza mambo matatu. La kwanza, kituo cha daladala kilicho karibu kinaitwaje, na ni mwendo wa dakika ngapi kwa mguu. Mhudumu akishindwa kukitaja, wageni wake wote huja na magari. La pili, mtu akitoka saa mbili usiku kwa miguu anakula wapi. La tatu, kuna tangi la maji? Maji ya bomba mjini hutoka kwa mgao katika mitaa kadhaa, na gesti isiyo na tangi itawapa ndoo.

Agosti kuna jambo jingine. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 ni maonyesho ya wakulima ya Nanenane, na viwanja vyake vipo Nzuguni. Wiki hiyo vyumba hujaa na bei hupanda, kwa hiyo ama wekeni nafasi mapema au njooni baada ya tarehe 10. Hali ya hewa ni kavu kabisa: mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haziendi mbali na milimita 600. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo nyie watu wa pwani mtashtuka usiku. Bebeni sweta moja la kweli. Upepo wa mwezi huo hubeba vumbi na kupasua midomo, basi mafuta ya mgando yasikose mfukoni, na mwenye lensi za macho aje na miwani. Viatu viwe vya kufunika. Kandambili hazifai, kwa sababu mbigili zimejaa kando ya njia na zinatoboa soli nyepesi.

Ratiba ya kutembea: tokeni saa 12:30 asubuhi, mrudi kivulini ifikapo saa 4:30. Tokeni tena saa 10 jioni mpaka jua linapozama. Kila mmoja abebe lita moja na nusu ya maji kwa mkupuo wa asubuhi. Mchana ni wa kula na kulala, na anayetaka kubaki nje aende kwenye makumbusho ya madini na miamba ya Taasisi ya Jiolojia, upande wa Kikuyu. Ni siku za kazi tu, na watu wengi wa mjini hawajawahi kuingia. Kwa maoni yetu ndiyo saa moja bora zaidi ya mchana wa Dodoma.

Nauli: kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023, daladala isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Mkipanda mara nne kwa siku, wawili, ni 4,800, siku nne ni 19,200. Badilisheni pesa ziwe ndogondogo kabla, maana konda akipewa noti ya elfu kumi asubuhi atawazungusha na chenji hadi kituo cha mwisho.

Natoka Dar es Salaam, nitakuja peke yangu. Nipande SGR au basi? Na nikifika usiku nifanyeje?
*Kijana wa Mbagala*

Treni, kama tarehe zako hazibadiliki. Ni saa tatu na nusu hadi nne hivi, wakati basi kwa barabara ya kilomita zipatazo 450 linakula saa nane na zaidi, kutegemea foleni na mizani. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa safari zilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Treni ya haraka ni ghali zaidi.

Tiketi inakatwa kwenye tovuti ya Shirika la Reli au dirishani stesheni. Ukikata mtandaoni unapewa namba ya malipo, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: namba hiyo ina muda wake, na usipolipa kwa wakati kiti kinarudi sokoni. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, si jina la nyumbani, kwa sababu mlangoni wanalinganisha. Chapisha tiketi au ihifadhi kama picha, ili simu ikigoma mtandao usianze kuhangaika. Fika mapema, saa moja na nusu hadi mbili kabla. Mizigo inapitishwa kwenye mashine, watu ni wengi, na geti likifungwa limefungwa. Wikiendi, sikukuu na siku za kuanza au kufunga Bunge, viti huisha siku kadhaa kabla.

Kuna mitego miwili ya majina. Stesheni ya SGR Dodoma siyo ile stesheni ya zamani iliyo katikati ya mji. Siku ya kurudi ukimwambia dereva wa bodaboda "stesheni" bila kuongeza neno, anaweza kukushusha kwenye reli ya zamani huku treni yako inaondoka kwingine. Sema "stesheni ya SGR". Mtego wa pili ni Makutupora. Makutupora inayotajwa kwenye habari za ujenzi wa reli ipo Manyoni, mkoani Singida. Makutupora ya zabibu na visima vya maji ipo kaskazini mwa jiji la Dodoma, barabara ya Arusha. Tumeshapokea barua ya mtu aliyepanga safari nzima akidhani ni pahali pamoja.

Treni ikishusha, mamia ya watu hutoka mlango mmoja kwa dakika chache na bei za bajaji hupaa papo hapo. Usikimbilie. Ingia msalani, nunua maji, subiri robo saa. Bei itashuka yenyewe. Kabla ya kupanda taja unakokwenda, taja alama iliyo jirani, kisha uulize "ni ya peke yangu au ya kuchangia?" Bajaji nyingine zinapita njia maalumu na kukusanya abiria kama daladala. Ukidhani umekodi, utashangaa mwenzako anapandishwa njiani, na ukidhani ni ya kuchangia, utadaiwa bei ya kukodi.

Basi linaishia Stendi Kuu ya Nzuguni, kando ya barabara ya Dar es Salaam na jirani na Soko la Ndugai. Si umbali wa kutembea na begi. Mchana daladala za kwenda mjini zipo wakati wote. Faida ya basi ni moja: kabla ya kufika Nzuguni linapita Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, na Ihumwa, kwa hiyo mwenye shughuli huko amwambie konda mapema ashushwe, asije akaenda hadi stendi na kurudi.

Usiku, kuanzia saa tatu hivi, daladala hupungua haraka. Ukijua utafika saa hizo, mpigie mwenye gesti siku moja kabla akutumie dereva anayemjua, akupe na namba ya usajili ya chombo. Usipopata hilo, panda kwenye kijiwe cha stendi palipo na mwanga na madereva wengine wanaoona unaondoka na nani. Kutembea usiku katikati ya mji hakuna shida kubwa mpaka saa tatu, mitaa ikiwa na watu. Maeneo ya wazi yanayotenganisha mitaa usiyakatize kwa miguu gizani, hata kama ni mafupi.

Kama unakuja kwa ndege, angalia tiketi inasema unatua wapi: uwanja wa mjini, ambao uko jirani kabisa na katikati, au Msalato, ambako ni nje ya mji.

Naweza kuingia bungeni kuona kikao? Ni lazima nijuane na mbunge?
*Msomaji, Songea*

Si lazima mjuane, ila ofisi ya mbunge wa jimbo lako ndiyo njia iliyozoeleka zaidi. Vinginevyo andika barua kwa Ofisi ya Bunge ukitaja majina, tarehe na idadi yenu. Fanya hivyo wiki mbili kabla. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na mikutano mingine mifupi hufanyika kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka, Agosti hadi Septemba, na Novemba. Nje ya siku hizo utaona ukumbi mtupu. Kikao huanza saa 3 asubuhi kwa maswali na majibu, na hicho ndicho kipindi cha kusisimua. Mchana huwa ni michango mirefu. Uwe getini saa 1:30 na kitambulisho. Mavazi ya heshima: suruali ndefu na shati, gauni au sketi inayovuka magoti, mabega yafunikwe. Simu na begi utaelekezwa pa kuacha. Nje ya uzio usianze kupiga picha bila kuuliza askari, na hilo ni kwa majengo yote ya serikali na ya jeshi mji mzima, stesheni na uwanja wa ndege vikiwemo.

Ukija wakati wa bajeti jua kwamba vyumba vya katikati ni vya shida. Ijumaa wabunge wengi huondoka, na ndiyo siku ya kupata nafasi.

Mjukuu wangu anahitimu Chuo Kikuu cha Dodoma. Nina miaka 71, magoti yananisumbua, na sina mtu mwenye gari. Nitafikaje, na je naweza kutembea ndani ya chuo?
*Bibi, Njombe*

Shikamoo, bibi, na hongera kwa mjukuu.

Kutembea ndani ya chuo usikufikirie kabisa. UDOM ilianzishwa 2007 na imetawanyika juu ya vilima, nje ya mji. Imegawanyika katika ndaki (vyuo vidogo ndani yake), na kutoka ndaki moja hadi nyingine si mwendo wa kutembea, kuna vilima vya kupanda na kushuka. Jambo la kwanza, mwambie mjukuu akuandikie kwenye karatasi: jina la ndaki yake, jina la ukumbi wa mahafali, na jina la kituo cha daladala kilicho karibu na ukumbi huo. Sherehe nyingi hufanyika Chimwaga, lakini asikisie, aulize. Ukimwambia konda "UDOM" tu, atakushusha popote kwa sababu kote ni UDOM.

Lala mjini usiku wa kabla, usisafiri na kuhudhuria siku hiyohiyo. Asubuhi ya sherehe chukua bajaji ya kukodi, si bodaboda. Bajaji ina ngazi fupi na unakaa umeegemea. Kama ni lazima upande daladala, subiri ile yenye nafasi mbele kwa dereva, maana ngazi ya mlango wa Coaster ni ya juu na ndani utasimama umeinama. Ondoka mapema, saa 1 asubuhi, kabla barabara ya chuoni haijajaa.

Kinachowakwamisha wengi ni kurudi. Sherehe ikiisha, maelfu wanatafuta usafiri kwa wakati mmoja, mtandao wa simu unaelemewa, na dereva uliyemtegemea kumpigia hapatikani. Patana naye asubuhi: saa, mahali hasa pa kukutana, na nusu ya nauli umlipe wakati wa kurudi. Mahali pawe mbali kidogo na lango la ukumbi, mfano chini ya mti fulani au kwenye kibao cha ndaki, ambapo magari yanaweza kusimama.

Mahafali huwa mwishoni mwa mwaka, joto bado ni kali na mvua za kwanza zinaweza kushuka ghafla kwa dakika arobaini. Beba mwavuli, unafaa kwa vyote viwili. Beba maji, kipande cha mkate au ndizi, dawa zako zote za siku nzima, na kanga ya kukalia. Hotuba ni ndefu.

Na kwa kuwa umetaja magoti: hospitali za rufaa ni mbili na watu huzichanganya. General ipo katikati ya mji. Benjamin Mkapa ipo huko huko upande wa chuo. Ukiwa na miadi, soma vizuri karatasi inasema ipi.

Nimeitwa wizarani kufuatilia barua yangu ya uhamisho. Natoka Singida kwa basi. Naweza kwenda Mtumba na kurudi siku hiyohiyo?
*Mwalimu, Singida*

Unaweza, mwalimu, ikiwa utalala Dodoma usiku wa kabla. Ukitoka Singida alfajiri, utafika stendi ofisi zikiwa zimeshapata foleni, na bado una safari nyingine.

Kwanza hakikisha ni Mtumba. Mji wa Serikali ulizinduliwa Aprili 2019 na wizara zimehamia, lakini taasisi na idara nyingi zilizo chini ya wizara hizo bado zina ofisi katikati ya mji au mitaa mingine. Piga simu uliza jengo, ghorofa na jina la kitengo. "Wizarani" haitoshi.

Mtumba ni kilomita zipatazo 17 kutoka katikati, barabara ya Dar es Salaam. Panda daladala yenye kibao cha Mtumba, na nauli yake inazidi ile ya mjini kwa sababu ya umbali. Itakushusha barabarani. Kutoka hapo majengo yameachana, miti bado ni midogo, na kivuli hakuna. Kama wizara yako ni ya mbali, chukua bodaboda ya ndani, vaa kofia ngumu, shuka getini. Kama ni ya karibu, tembea, lakini uwe umeshafika kabla ya saa 3.

Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Saa saba mchana watu wengi huwa kwenye chakula. Beba kitambulisho halisi, si picha kwenye simu, kwa sababu geti linakibakiza na kukupa beji. Beba nakala tatu za kila karatasi, umetoa mjini. Kutafuta mashine ya kutoa nakala Mtumba kunaweza kukuchukulia saa nzima. Na usisubiri hadi 9:30 kurudi: wafanyakazi wote hutoka muda huo na daladala zinajaa kuanzia kituo cha kwanza. Toka saa 9 kasoro, au baki hadi saa 11.

Ramani ya simu iliniambia ni dakika 25 kwa mguu, nikatumia zaidi ya saa. Kosa ni langu au la ramani? Na baiskeli je?
*Mwanafunzi kutoka Zanzibar*

Ramani haijui uzio. Dodoma ina vitu vinne vinavyokata njia ya mtembeaji: reli, uwanja wa ndege wa mjini, makorongo, na viwanja vikubwa vya serikali vilivyozungushiwa ukuta. Ramani huona kinjia cha zamani kilichokuwa kikikatiza, wakati leo kimefungwa. Makorongo nayo ni makavu karibu mwaka mzima na watu huyakatiza bila wasiwasi, lakini Januari au Februari mvua ikinyesha upande wa vilima, maji hufika ghafla hata pale uliposimama pakiwa pakavu. Maji yakipita usiingie, hata kama yanafika kwenye vifundo tu. Subiri, kwa kawaida hupungua baada ya muda si mrefu.

Njia ya kufanya: tafuta kwanza pa kuvukia reli na barabara kuu, halafu upange mwendo kupitia hapo. Muulize mama ntilie au fundi viatu, si dereva wa boda, ambaye jibu lake lina nauli ndani yake. Anza na salamu. Kwa Wagogo wa rika la wazazi wako "mbukwa" inafungua mlango, na jibu lake ni "mbukwa" hilohilo.

Baiskeli inafaa kwa sababu mji ni tambarare kiasi, ukiondoa upande wa chuo na vilima. Tatizo ni mbigili tena. Mwenye baiskeli abebe tyubu ya akiba, viraka na pampu, na asiiburute kupitia nyasi kavu hata hatua kumi. Barabara kubwa za kuingia mjini malori ni mengi, pita za ndani.

Nina siku mbili za ziada baada ya semina. Nikitoka nje ya mji bila gari niende wapi: michoro ya mapangoni ya Kondoa, mashamba ya zabibu, au mnadani?
*Muuguzi, Kigoma*

Siku moja ikiwa Jumamosi, mnada wa Msalato kwanza. Ni barabara ya Arusha, daladala zinafika, na huhitaji kupanga chochote. Nenda saa nne, mifugo bado inauzwa na nyama inaanza kuiva. Chagua kipande chako kibichi, kipimwe mbele yako, patana bei kwa kilo na gharama ya kuchoma kabla hakijapanda jikoni. Pesa ndogo mfuko wa mbele, simu usiiache mezani.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia Februari hivi na tena Agosti hadi Septemba. Nje ya miezi hiyo utaona matawi yaliyokatwa na nguzo. Mashamba ya Mpunguzi na Bihawana yako barabara ya Iringa, ya Hombolo yako kaskazini mashariki. Bila gari Bihawana ni rahisi zaidi kwa sababu iko kwenye barabara kuu yenye magari ya kupita. Shamba ni la mtu, omba ruhusa, na kama unataka kuonja mvinyo wa kienyeji usile kiapo cha kurudi na basi la mwisho.

Kondoa inahitaji siku zote mbili, na inastahili. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Barabara ni lami tupu hadi Babati. Panda basi la asubuhi la Babati au Arusha, na umwambie konda "Kolo", siyo "Kondoa": Kolo ni kijiji kilicho kama kilomita 20 mbele ya mji wa Kondoa, na ofisi ya mambo ya kale iko hapo. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji, bila yeye hupandi. Kundi maarufu la michoro, Mongomi wa Kolo, liko takriban kilomita 9 kutoka kijijini, hivyo utahitaji bodaboda ya kwenda, kusubiri na kurudi. Patana kwa yote matatu pamoja, mwongozaji akiwepo. Mwisho wa njia unapanda mlima kwa miguu, ni mkali na una mawe yanayoteleza. Usiguse michoro wala usiimwagie maji ili ionekane vizuri kwenye picha, maana maji huifuta.

Ukiteremka magari ya kurudi Dodoma yanakuwa machache. Usisimame barabarani Kolo ukisubiri giza. Rudi Kondoa mjini, lala, na ukate tiketi ya basi la alfajiri usiku huohuo.